Nimeuza gari, Desemba hii napanda Machame kwa basi. Nyumbani wanasema nimefulia. Hii presha imetoka wapi?

#1 Kihamba_Kimoja

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 39, mhasibu, nina mke na watoto wawili. Mwezi wa tisa nimeuza gari, IST niliyokaa nayo miaka sita. Nimetoka nyumba ya kupanga Tabata, Dar, nimehamia kwenye nyumba yangu Kibamba ambayo haijaisha: vyumba viwili ndio vina milango, plasta bado, maji tunavuta kwenye tanki. Watoto nimewatoa shule ya kulipia, wanasoma shule ya msingi ya serikali, dakika kumi na tano kwa miguu.

Sijafukuzwa kazi na siumwi. Usiku mmoja nilikaa na mke wangu tukachukua daftari la mtoto tukaandika. Mshahara unaoingia baada ya makato ni 980,000. Kodi 350,000. Mafuta ya Tabata hadi Posta na foleni zake, 300,000 hivi. Ada za watoto wawili ukizigawa kwa mwezi, 300,000. Jumla 950,000. Inabaki elfu thelathini, na hapo hatujala. Tulikuwa tunakula kwa mitumba anayouza mke wangu na kwa mikopo. Mke wangu alizungushia ile elfu thelathini kwa kalamu nyekundu, akafunga daftari, akaenda kulala bila kusema neno.

Sasa kwetu ni Machame, Kilimanjaro, na Desemba ya kwetu mnaijua, Wachaga tunarudi nyumbani. Mama ana picha yangu ukutani, nimeegemea lile gari siku ya kwanza nililolipandisha nyumbani. Ameitia fremu, iko katikati ya picha ya ndoa yake na kalenda ya usharika. Nilipomwambia gari nimeuza alinyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Kesho yake dada akanipigia kwamba mama hajala. Kaka yangu mkubwa akaandika kwenye grupu la ukoo kwamba "wapo wanaorudi nyuma", jina hakutaja.

Naomba mnisaidie kuelewa. Mtu akiamua kuishi kwa kipimo chake, kwa nini wanaompenda ndio wanaoumia kuliko hata wabaya wake? Chanzo cha hii presha ni nini hasa?

#2 Mtoto wa Tandale

Pole na hongera, mkuu. Chanzo ni simu, usitafute mbali. Zamani ulijilinganisha na jirani wa ukuta mmoja, na ulijua kabisa kwamba anadaiwa dukani kwa Mangi. Leo alfajiri kabla hujapiga mswaki umeshaona watu ishirini: huyu anakata keki, huyu amekabidhiwa funguo, yule yuko kwenye ndege. Deni hakuna anayeliweka status. Mimi tangu Machi siangalii status ya mtu, simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Usingizi umerudi.

#3 Kibosho Juu

Mtoto wa Tandale, Mangi mwenyewe ndiye mimi na daftari la madeni ninalo, pita ulipe kwanza ndipo tuendelee.

Ila simu unaisingizia. Babu yangu hakuwa na simu, alikuwa na kahawa. Alinisimulia kwamba mwaka ule mtu wa kwanza kijijini alipoezeka bati, waliobaki kwenye nyumba za kuezekwa majani hawakulala. Presha hiyohiyo ndiyo iliyotusomesha. KNCU, ushirika wetu wa kahawa, imeanza 1933, na pesa ya kahawa ikaingia kwenye madarasa. Desemba ni siku ya hesabu ya ukoo, unapanda mlimani waone mwaka umeufanyia nini.

Mleta mada, sikulaumu. Lakini mama yako alikulea kwa kuuza ndizi sokoni akiwa na ndoto kwamba siku moja utamfungulia mlango umwambie "mama, panda". Lile gari lilikuwa la kwake pia. Umeuza kitu cha watu wawili na umemuuliza mmoja, tena huyo mmoja ni mkeo.

#4 Fundi Lenta

Nakubali nusu. Nimejenga Marangu, Rombo, Uru, nyumba za watu wa Dar. Vyumba vitano, vigae, choo cha ndani, geti lenye maua ya chuma. Mwenyewe analala humo siku saba kwa mwaka. Kuna moja niliyorudi kurekebisha bomba, nikamkuta bibi anaishi kwenye kile kibanda cha zamani nyuma ya jengo. Nikamuuliza, mama mbona hulali kule? Akasema, "Nitapachafua, mwenyewe akija atanisema." Kila Jumamosi anafungua, anafagia sebule ambayo hajawahi kuikalia, anafunga na kufuli.

Hatukuwa hivi zamani. Nyerere alipotangaza Azimio la Arusha 1967 alijikata mshahara siku ileile, viongozi wakafuata, watu wakaishi sawa. Soko huria ndilo lililotuharibu.

#5 Kibosho Juu

Fundi, wewe ni mzuri wa ukuta ila hujaelewa nyumba ile ni ya nini. Ile ni ya msiba. Mtu akifia Dar, jeneza lishukie wapi? Ukoo ukae wapi siku nne? Mchaga anajenga nyumbani kwa sababu kihambani, kwenye shamba la ukoo, ndipo atakapolazwa. Usimhesabie siku anazolala akiwa hai.

#6 Mwalimu Mstaafu

Fundi Lenta, nakusahihisha kwa upole. Mwalimu Nyerere alijikata asilimia 20 ya mshahara wake Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Azimio lilitangazwa Februari 5, 1967. Ndani yake ndimo ilimokuwa Miiko ya Uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko ile ilikuja kulegezwa kwenye kikao cha chama huko Zanzibar 1991.

Nimeanza kazi 1976. Ni kweli tuliishi kwa kiasi, lakini baada ya vita vya Kagera kiasi kile hakikuwa uamuzi wa mtu. Nimepanga foleni ya sabuni tangu saa kumi na moja alfajiri na nikarudi mikono mitupu. Mke wangu alikuwa anakata mche mmoja vipande sita, kila kipande na wiki yake. Anayeyatamani maisha yale hakuyaishi.

Ninachokikumbuka kwa mapenzi ni kimoja. Mwalimu mkuu wangu alikuja shuleni kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali ameubana na kibanio cha nguo, na mzazi akimwona kwa mbali anavua kofia. Heshima yake ilitoka darasani. Hicho ndicho kilichohama, na simu imekuta kimeshahama.

#7 Dada wa Kamati

Shikamoo Mwalimu.

Nyie mnaongelea magari na nyumba, kwetu wanawake presha inakuja kwa kadi. Mwaka huu nimekuwa kwenye kamati nne. Singo elfu hamsini, dabo laki moja. Kicheni pati, sendofu, harusi, kila shughuli na sare yake. Kitenge elfu arobaini na tano, fundi elfu thelathini na tano, bado kilemba na viatu. Juzi nimepanga kabati: vitenge kumi na kimoja nilivyovaa mara mojamoja. Vimekunjwa vizuri, vina harufu ya manukato ya siku ileile.

Mwaka jana nilimwambia mwenyekiti safari hii nina elfu ishirini tu. Orodha iliposomwa kwenye grupu jina langu likawa la mwisho kabisa, na mbele yake wakaandika "kwa sasa". Nililia.

Lakini nisiseme uongo. Mama yangu alipofariki, grupu lilelile, mwenyekiti yuleyule, ilipofika jioni walikuwa wamekusanya milioni tatu na laki nne, maturubai yameshafungwa, sufuria ziko jikoni, sikujua hata nani ameleta mchele. Kwa hiyo mtu akiniambia niache michango niishi maisha yangu, namuuliza: siku hiyo atakuwepo?

#8 Digrii2019

Wakubwa zangu, shikamooni. Nasoma huu uzi tangu asubuhi na kifua kinabana.

Nina digrii ya ualimu tangu 2019. Kila dirisha la ajira likifunguka naomba. Sasa hivi naendesha boda ya mtu, hesabu elfu kumi kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mnaposema tupunguze, mimi nipunguze nini? Mleta mada ana ajira, ana kiwanja chake, ana bima ya afya. Kwake kiasi ni uamuzi, kwangu ni hali. Mimi napanda daladala hiyohiyo, nalala kwenye chumba kisicho na plasta vilevile, na hakuna aliyewahi kuniita mwenye busara. Wananiita aliyeshindwa.

#9 Mama Goba

Digrii2019 umesema kweli na usijidharau, mwanangu.

Mimi namgeukia mleta mada. Gari sawa. Nyumba sawa. Lakini elimu ya watoto ungeiacha. Punguza shati, punguza bia, uza hata kitanda, mtoto asiguswe. Mimi nina wawili, nauza maandazi na supu asubuhi, ada nalipa kwa awamu nne na sijawahi kujuta. Wewe umeamua kutembea polepole, vizuri, umeshasoma. Wao hawajachagua. Miaka kumi ijayo watashindana na watoto wangu kwa nafasi ileile.

#10 Kihamba_Kimoja

Nimesoma zote. Digrii2019, umenigusa mahali penyewe. Niliandika kana kwamba ni ushujaa wangu, kumbe nimesimama juu ya vitu ambavyo wewe bado hujavipata. Nakubali.

Mama Goba, hapo ndipo ninapolala macho. Darasa la mdogo lina watoto 96. Nilienda siku moja nikakaa nyuma. Mwalimu ni mmoja, anafundisha kwa bidii, chaki inamwishia mkononi, lakini daftari za wote hawezi kuzifikia. Na wanaosema elimu bila ada tangu 2016 ni bure kabisa wakae na mzazi: uji tunachangia, mitihani ya majaribio tunachangia.

Ila nikupe upande wa pili. Zamani nilikuwa nafika nyumbani saa tatu usiku, maana jioni nilishika vibarua vya kuandika vitabu vya wenye maduka Kariakoo ili nilipe mikopo. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anaongea Kiingereza kizuri na kugawanya hajui. Miaka mitatu nalipa ada, sikujua. Sasa natoka kazini saa kumi na nusu, mwendokasi hadi Kimara, daladala, saa kumi na mbili na robo niko nyumbani. Tunakaa kwenye meza moja, mimi, yeye na maharage ya kuhesabia. Wiki ya tatu akagawanya 84 kwa 7 peke yake, akaniangalia kwanza kama ataruhusiwa kufurahi. Sisemi nimemaliza hoja yako. Woga ninao.

#11 Digrii2019

Mkuu, somo langu ni hisabati na fizikia. Ningekuja kumfundisha hata kwa nauli tu, ila niko Mbagala. Kufika Kibamba na kurudi ni siku nzima.

#12 Keko Machungwa

Mmezunguka sana, mimi nasema ni mikopo. Pesa ya haraka ikishakuwa mlangoni, tamaa inapata miguu. Nilichukua laki tatu ya kausha damu nimalizie mchango wa harusi ya shemeji na ninunue suti. Marejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa siku thelathini. Siku ya kumi na tisa nikakwama, wakaja wanne, wakabeba friji likiwa na unga na maziwa ya mtoto ndani. Jirani walikuwa wamesimama uani. Suti ile hadi leo sijaivaa tena.

Afadhali serikali imezifungia programu zote za mikopo ya simu.

#13 Kifungu cha Tatu

Pole sana ndugu. Rekebisho dogo: si zote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Wenye leseni wapo na wanafanya kazi. Na ujue haki yako: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, na kanuni zake zinamtaka mkopeshaji wa daraja la pili, yaani asiyepokea amana, asizidi riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga hesabu ya elfu kumi na tatu mara thelathini. Wamekutoza asilimia 30.

Kwa sisi watumishi nako kuna jambo. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kabla ya sheria kubadilishwa 2016 ilikuwa 8. Weka pensheni, bima, kodi, mkopo wa benki. Ile theluthi moja ya mshahara ambayo lazima ibaki ndiyo watu wanaishi nayo. Halafu anaonekana ana tai, ukoo wote unamsubiri.

#14 Baharia wa Muscat

Mie naandika kutoka Muscat, kwetu Unguja. Dereva, mwaka wa tisa huu.

Skizeni niwape kinyume chake. Mie naishi maisha ya kiasi kuliko nyote hapa. Chumba kimoja watu wanne, mpishi ni zamu, wali na samaki Jumatatu, wali na samaki Jumanne. Nguo zangu zinaingia kwenye begi moja. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani inajengwa ghorofa. Kila anaepiga simu anaamini huku pesa zinaokotwa njiani. Mdogo wangu kaniletea picha ya ngazi, kaitaka ya marumaru. Nimemwambia, kaka yako kwa siku anapanda ngazi za zege, tena za mwenye nyumba. Kacheka, kadhani mzaha.

Marehemu bibi alikuwa na neno lake, kukinai. Akila tonge tatu, akishatosheka, anasukuma sahani na kusema "nishakinai, Alhamdulillah", hata kama nyama ipo. Sisi tulokuwa watoto tukimshangaa, nyama inaachwaje? Sasa ndo nafahamu kwamba ile ilikuwa ilimu. Mtu asokinai hashibi hata umpe bahari.

#15 Mvita Damu

Salaam. Huku Mombasa hali ni hiyohiyo. Twachangiana harusi, matanga, hospitali, karo. Mshahara waingia Ijumaa, Jumatatu washakwisha, na mikopo ya simu yaanza kulia. Lakini nampinga Baharia kidogo. Hilo neno kukinai tumelifanya la maskini pekee. Husikii tajiri akiambiwa akinai. Mwajiri akikunyima nyongeza akwambia uridhike. Mwanasiasa ajenga kasri Nyali akikwambia dunia ni mapito. Ridhaa ikihubiriwa na mwenye kushiba, mimi hushika mfuko wangu.

#16 Mwalimu Mstaafu

Mvita Damu, hilo ndilo lililokuwa jibu la Miiko. Ilianza na kiongozi, si na mkulima.

#17 Parachichi Moja

Njombe hapa. Naona wengi mnaota kurudi kijijini mkaishi kwa utulivu. Njooni, ardhi ipo, baridi ipo, ila msitupambe. Kijijini presha iko palepale. Ni nani ana miche mingi ya parachichi, nani kanunua pikipiki, nani kaweka sola. Mwaka bei ilipokuwa nzuri watu waling'oa mahindi wakapanda parachichi hadi mlangoni. Bei ilipoanguka wakanunua unga dukani. Jirani yangu alikuwa na shamba la viazi lililolisha watoto sita miaka yote, aliling'oa kwa sababu ya maneno ya kilabuni tu.

#18 Mtoto wa Tandale

Sasa Parachichi Moja huyo ni shahidi wangu au wa Kibosho Juu? Maana kilabuni hakuna status.

#19 Kibosho Juu

Wangu. Lipa deni.

#20 Mfamasia wa Zamu

Nimekaa kimya ila niongeze moja. Nafanya zamu ya usiku duka la dawa. Wanaokuja saa nne, saa tano kutafuta dawa ya usingizi bila cheti cha daktari, wengi ni wa umri wa mleta mada, wamevaa vizuri, gari limewashwa nje. Siwauzii. Nawauliza tu, unalala saa ngapi, unadaiwa na nani. Wapo waliokaa kwenye lile benchi langu wakaongea nusu saa nzima na wakaondoka bila kununua kitu. Mimi sijui siasa ya 1967 wala 1991. Najua watu wazima wanalia kwenye benchi.

#21 Dada wa Kamati

Mfamasia, Mungu akubariki kwa hilo benchi.

Na mashuleni nako tuliwazoesha wadogo. Wa kwanza, wa pili, wa mwisho, jina linasomwa mbele ya wazazi. Afadhali Baraza la Mitihani Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa.

#22 Mama Goba

Hapo mimi sikufurahi. Mtoto akifanya vizuri asitajwe? Wa kwangu alikuwa anasomea hilo.

#23 Reli ya Kati

Mleta mada, Desemba ukikosa basi kuna wazo la treni. Ile ya Dar–Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini, mwaka uliofuata ikafika hadi Arusha. Watoto wataona nchi dirishani: Korogwe, Mombo, Same. Ulizia ratiba mapema tu. Msiichanganye na ya umeme, ile ni ya Morogoro na Dodoma, imeanza 2024.

#24 Keko Machungwa

Treni inachukua muda gani lakini? Basi ukitoka alfajiri mchana uko Moshi.

#25 Reli ya Kati

Basi ni haraka, sikatai. Ila ndani ya treni unanyoosha miguu.

#26 Kihamba_Kimoja

Tumekata basi, viti vinne, tarehe 19. Kibosho Juu, maneno yako ya #3 nimeyabeba wiki nzima. Ni kweli mama sikumuuliza. Nilimpigia jana nikataka kumweleza hesabu yote, akanikatiza: "Majirani nimewaambia gari liko gereji." Nikakosa la kusema. Mama yangu, mzee wa kanisa, amesema uongo kwa ajili yangu.

#27 Kibosho Juu

Basi ukifika usianze na hesabu. Chuma jani la isale, ule mmea wa mipakani tunaoombea radhi, mpe kwa mikono miwili, mwombe radhi kwa kutomshirikisha. Huombi radhi kwa kuuza. Mama wa Kichaga akishapokea isale hawezi kukataa kukusikiliza. Na ukumbuke, kaka yako naye ana yake, usimjibu kwenye grupu.

#28 Shemasi Kijana

Mimi naona tumesahau madhabahuni. Miaka ya karibuni kila mahubiri ni gari, nyumba, kupandishwa cheo, kama vile asiyenavyo imani yake ina kasoro. Mama wa mleta mada huenda anaogopa kwamba mwanawe amepungukiwa baraka, si gari.

#29 Mama Goba

Shemasi usiwatupie wachungaji wote. Mimi kanisani ndiko nilikofundishwa kuweka akiba kwenye kikoba, na hicho kikoba ndicho kinacholipa ada.

#30 Kihamba_Kimoja (Januari 6)

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Niliahidi mrejesho.

Basi lilitushusha Moshi, tukapanda kigari cha abiria hadi njia panda, kutoka hapo tukatembea, mimi na mabegi mawili, mke wangu na moja, watoto na kuku wa zawadi kwenye kikapu. Ni kilomita moja na nusu ya kupanda. Siku zote nimeipita hiyo njia vioo vimefungwa. Safari hii nilisalimiwa na watu wote, wengine nilikuwa nimeshasahau majina yao. Mzee aliyenifundisha Kipaimara alimnyang'anya mke wangu begi akalibeba mwenyewe hadi kwetu.

Mama alikuwa amesimama kwenye masale ya mpakani. Nilichuma jani palepale mbele yake. Alilipokea, akaliangalia, akalitia kwenye mfuko wa sweta. Hakusema kitu cha gari siku hiyo wala ya pili.

Siku ya tatu niko kwenye banda la ng'ombe nabadilisha mbao zilizooza, akaniletea uji. Akauliza, "Zile pesa za mafuta sasa zinaenda wapi?" Nikamwambia mkopo wa benki unaisha Aprili. Akauliza, "Na wewe unaondoka lini?" Nikasema tarehe 3. Miaka yote nimekuwa nakaa siku tatu, nakimbilia vibarua. Akahesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu, akaenda jikoni.

Kaka alikuja Krismasi na gari lake. Alinisalimia, hatukuzungumza zaidi ya hapo. Aliwazungusha watoto wangu hadi barabarani, walifurahi sana na mdogo akaniuliza mbele ya watu wote letu litarudi lini. Sikuwa na jibu zuri. Mama Goba, huyo mdogo muhula huu anaingia darasa la pili, darasa sasa wamefika 104.

Picha bado iko ukutani. Nilitaka kuiomba, nikaiacha.

#31 Kibosho Juu

Umefanya vyema kuiacha. Banda umemaliza?

#32 Kihamba_Kimoja

Upande mmoja. Mbao ziliisha.

#33 Digrii2019

Heri ya mwaka mpya, wakubwa. Mkuu, nimehamia Mbezi Luis kwa binamu yangu, boda nimeirudisha kwa mwenyewe. Jumamosi niko huru. Huyo wa kugawanya bado anahitaji mtu?

#34 Kihamba_Kimoja

Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi. Shuka Kibamba Shule, nitakufuata kituoni.